Kukaza, Kukakamaa na Kukwaa: Kiswahili katika Upimaji wa Misuli ya Walioumia Uti wa Mgongo

Mwaka 1964 Bryan Ashworth, daktari wa Uingereza aliyekuwa akiijaribu dawa ya kulegeza misuli, alihitaji njia ya kueleza kama dawa hiyo ilifaa au haikufaa. Alipanga madaraja matano, kuanzia sufuri hadi nne. Mpimaji hukishika kiungo cha mgonjwa aliyetulia, hukikunja na kukinyosha, kisha huchagua, miongoni mwa maelezo matano mafupi, yale yanayolingana na kile mkono wake ulichohisi. Hakuna mizani wala waya wa umeme. Kuna mkono, na kuna maneno. Kipimo hicho kilirekebishwa na Bohannon na Smith mwaka 1987, na hadi leo ni miongoni mwa vipimo vitumikavyo zaidi duniani katika kuchunguza misuli ya watu walioumia uti wa mgongo, walioshikwa na kiharusi, na wengine wenye madhara ya ubongo au neva.

Kwa kuwa kipimo chenyewe ni maneno, hakiwezi kuachwa mikononi mwa matabibu peke yao. Katika hospitali nyingi za Kenya fomu ya uchunguzi huandikwa kwa Kiingereza, ilhali mazungumzo ya kitandani hufanywa kwa Kiswahili. Muuguzi au mtaalamu wa tiba ya viungo hulazimika kutafsiri papo hapo, kichwani mwake, swali baada ya swali na jibu baada ya jibu. Tafsiri hiyo haiandikwi popote wala haikaguliwi na mtu. Hata hivyo ndiyo inayoamua nambari itakayoingia katika faili, na nambari ndiyo inayoamua kama dawa itaongezwa au itapunguzwa. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katika jambo hili urasmi huo bado haujakifikia kitanda cha mgonjwa.

Hali yenyewe

Ndani ya uti wa mgongo, yaani ule mnara wa pingili za mifupa, hupita ugwe wa neva uunganishao ubongo na mwili. Lugha ya kila siku huviita vyote viwili “uti wa mgongo”, na hakuna ubaya mkubwa katika hilo, isipokuwa kwamba wasikilizaji wengi wanapolisikia jina hilo hospitalini huikumbuka kwanza homa ya uti wa mgongo, ambayo ni maradhi mengine kabisa. Ugwe unapopondeka au kukatika kwa ajali ya gari, kwa kuanguka kutoka juu ya mti, au kwa risasi, amri za ubongo hazifiki chini ya jeraha, wala hisia za chini hazipandi juu. Katika siku au majuma ya mwanzo viungo vilivyo chini ya jeraha hulegea. Hata goti likigongwa kwa nyundo ya daktari, mguu hauitikii. Baadaye miitikio hurudi, na aghalabu hurudi kwa nguvu iliyopita kiasi.

Sababu yake yaeleweka kwa kiasi. Kila msuli una vihisio vidogo vinavyoupasha ugwe habari msuli unapovutwa, na ugwe huujibu msuli kwa kuuamuru ukaze. Kwa mtu mzima wa afya, ubongo huutuliza mwitikio huo usipite mipaka. Ugwe uliotengwa na ubongo hauna wa kuutuliza. Tena seli zake za neva hubadilika zenyewe zikawa nyepesi kusisimka. Mwaka 1980 James Lance, mtaalamu wa neva wa Australia, aliifasili hali hiyo kwa namna iliyokubaliwa na wengi: ni ongezeko la mwitikio wa msuli unapovutwa, ongezeko ambalo hufuata kasi ya kuvutwa. Kadiri kiungo kinavyosogezwa kwa kasi, ndivyo msuli unavyopinga. Mwaka 2005 Pandyan na wenzake waliipanua fasili hiyo ili iingize pia kukaza kwa misuli kusiko kwa hiari, kuwe kwa vipindi au kwa mfululizo, hata pale ambapo hakuna aliyekisogeza kiungo.

Mgonjwa huiona hali hiyo kwa sura tatu. Mguu hupinga unapokunjwa na mwenzake. Au hujikunja au kujinyosha ghafla, pengine kwa nguvu ya kumtupa mtu kutoka katika kiti cha magurudumu. Au kifundo cha mguu hupigapiga kwa mfululizo, hali ambayo matabibu huiita klonasi. Iko na sura ya nne ambayo kwa hakika si ya jamii hiyo, ingawa huchanganywa nayo kila siku: msuli uliokaa muda mrefu pasipo kunyoshwa hufupika, na kiungo hubaki kimekunjamana. Hapo hakuna mwitikio wowote. Ni nyama yenyewe iliyobadilika. Dawa ya neva haiwezi kuurefusha msuli uliofupika, na kwa hiyo kuzitenganisha hali hizi mbili ni sehemu kubwa ya kazi ya upimaji.

Jina la hali

Istilahi ya kimataifa, ambayo kwa matamshi ya Kiswahili yaweza kuandikwa “spastisiti”, imetokana na kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kuvuta. Haina ubaya katika asili yake, lakini historia yake ya karibuni si njema. Nchini Uingereza kivumishi chake kiligeuka kuwa tusi la watoto shuleni dhidi ya walemavu, hata chama kikubwa cha hisani kilichokuwa kikilibeba neno hilo katika jina lake kikaliacha mwaka 1994 na kujiita Scope. Kuliingiza katika Kiswahili neno ambalo wenyewe wanalikwepa kungehitaji sababu nzito, na sababu hiyo haionekani.

Kiswahili kina maneno yake, ila kila moja lina mzigo wake. La kwanza ni “kupooza”. Sikio la msemaji huliweka karibu na “kupoa”: kitu kilichopooza kimetulia, kimekosa uhai na harakati. Neno hilo lawafaa wagonjwa katika majuma ya mwanzo. Baada ya hapo lapingana na yaonekanayo kwa macho, kwa kuwa mguu uliopooza waruka. Jamaa za mgonjwa huona mkanganyo huo mapema kuliko daktari, na huutatua kwa mojawapo ya njia mbili. Ama hudhani mgonjwa anapona, ama huyatafuta majina ya maradhi yajulikanayo kwa kutikisa mwili, kama vile kifafa au pepopunda. Furaha ya kwanza na hofu ya pili zote zatokana na neno lililoahidi utulivu.

Neno “mshtuko” lina hatari ya namna hiyohiyo. Kipindi kile cha kwanza, ambapo mguu hauitikii lolote, hutajwa katika vitabu vya tiba kwa neno ambalo tafsiri yake ya kwanza ni “mshtuko wa ugwe”. Lakini kwa msemaji wa kawaida mguu unaoruka ndio “unaoshtuka”. Tabibu akisema kwamba mshtuko umekwisha, huku miguu ndiyo kwanza inaanza kushtuka, msikilizaji ana haki ya kushangaa.

“Kukakamaa” ndilo neno litumikalo zaidi katika maandishi, na lina sifa ya kueleweka kote, Pwani na bara. Hata hivyo lina kasoro mbili. Kwanza, nomino yake ya dhahania, “ukakamavu”, ni sifa njema. Kijana mkakamavu ni yule asiyelegea. Askari husimama kikakamavu mbele ya mkuu wake. Fomu inayouliza juu ya ukakamavu wa miguu yaweza kujibiwa kwa masikitiko na mtu asemaye hanao tena. Kasoro hii yaweza kuepukwa kwa kuliunda jina kwa njia nyingine, “mkakamao”, ambalo halina harufu ya sifa. Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Ngozi iliyoanikwa hukakamaa, na maiti hukakamaa: neno hili huitaja hali iliyokwisha kufika na kutua. Halisemi chochote juu ya kasi, wala halielekei kitu kinachokuja na kuondoka mara ishirini kabla ya jua kuchwa. Kwa maana hiyo lingekuwa jina zuri la ile sura ya nne, ya msuli uliofupika, kuliko kuwa jina la hali yenyewe.

Limebaki “kukaza”. Wagonjwa wenyewe hulitumia pasipo yambwa, “misuli inakaza”, ingawa kwa asili ni kitenzi cha kukaza kitu, kama kamba au fundo. Matumizi hayo yasiyo na yambwa hayapaswi kusahihishwa. Yanaionyesha misuli ikiwa mtendaji, na ndivyo ilivyo. Jina “mkazo” lingefuata kwa urahisi, lau wanaisimu wasingekuwa wamekwisha kulichukua kwa ajili ya silabi. Lakini hilo si pingamizi kubwa, maana mwalimu wa fonolojia na daktari wa viungo hawakutani mara nyingi katika sentensi moja. Katika makala haya “kukaza” latumika kwa hali inayokuja na kuondoka, na “kukakamaa” kwa kiungo kilichogandamana.

Daraja la kwanza la Ashworth

Madaraja yenyewe, yakielezwa kwa ufupi, ni haya. Sufuri ni misuli isiyo na ongezeko lolote la ukinzani. Moja ni ongezeko dogo, ambapo kiungo kinaposogezwa huzuilika kidogo mahali fulani katika safari yake kisha huendelea. Mbili ni ongezeko bayana zaidi, lakini kiungo bado hukunjika kwa urahisi. Katika daraja la tatu kukikunja kiungo ni kazi ngumu. Katika la nne kiungo kimekakamaa, ama kwa kukunjika ama kwa kunyoka. Bohannon na Smith waliona kwamba nafasi kati ya moja na mbili ni pana mno, wakaingiza daraja la “moja na ziada”, ambapo kule kuzuilika hufuatwa na ukinzani mdogo katika sehemu iliyobaki ya safari, isiyofika nusu yake. Walipojaribu kipimo chao kwa misuli ya kiwiko ya wagonjwa 30, wote wakiwa na madhara ya ubongo wala si ya ugwe, wapimaji wawili walikubaliana kwa asilimia 86.7. Katika watu walioumia ugwe, na hasa kwa misuli ya miguu, makubaliano ya namna hiyo hayakupatikana daima.

Uzito wote wa tofauti kati ya sufuri, moja, na moja na ziada umelala juu ya neno moja la Kiingereza lenye maana ya kushika au kunasa kwa ghafla. Wanaolitafsiri papo hapo husema “mguu unanasa”, au “mguu unakwama”. Yote mawili yapotosha. Kilichonasa kimo mtegoni. Hakitoki mpaka kitolewe. Kilichokwama hakiendelei. Mpimaji mwanafunzi aliyeambiwa atafute mahali mguu unapokwama atangojea usimame kabisa, na kwa hiyo atawapa sufuri wagonjwa wote wanaostahili moja.

Hapa sarufi ya Kiswahili yenyewe yatoa msaada. Wanasarufi wameieleza kauli ya kutendama, yenye kiishio “-ma”, kuwa huonyesha kitu kukaa katika hali fulani bila kubadilika: kuinama, kusimama, kufungamana. “Kukwama” ni wa ukoo huo. Kikiondolewa kiishio, hubaki “kukwaa”: kujikwaa kidole kwenye jiwe, kuyumba, na kuendelea na safari. Hiyo ndiyo picha halisi ya daraja la kwanza. Mguu unakwaa, haukwami. Tofauti ambayo Kiingereza huieleza kwa sentensi nzima ya maelezo ya ziada, Kiswahili hubeba kwa silabi moja, na mpimaji aliyezaliwa katika lugha hii huihisi bila kufundishwa. Ni ajabu kidogo kwamba neno hili halionekani katika tafsiri za hospitalini.

Daraja la pili nalo lina mtego wake, katika kauli ya kutendeka. “Kukunjika” ni kuweza kukunjwa, na pia ni kuwa katika hali ya kukunjwa. Njeo ndiyo huamua: “mguu hukunjika kwa urahisi” na “mguu umekunjika” ni hali mbili zilizo mbalimbali kabisa, moja ya daraja la pili na nyingine ya daraja la nne. Katika mazungumzo ya haraka, yenye “mguu unakunjika” peke yake, msikilizaji huachwa akisie.

Mfumo wa vitenzi una hazina nyingine ambayo tabibu hana budi kuijua, kwa kuwa uchunguzi mzima waweza kupangwa juu yake. Mguu wakunjwa: mpimaji ndiye atendaye, na ndicho kipimo cha Ashworth. Mguu wajikunja: hakuna atendaye ila mguu wenyewe, na hapo lipo tukio la kukaza. Mgonjwa aukunja mguu wake: hiyo ni hiari, na ni habari njema. Jamaa anayesema “mguu umeanza kusogea” na jamaa anayesema “ameanza kuusogeza mguu” wameleta habari mbili ambazo daktari akizichanganya atakuwa ama amempa mgonjwa tumaini lisilo na msingi ama amekosa kuiona dalili ya ugwe ambao haukukatika wote. Maelezo hayo hayahitaji istilahi mpya hata moja. Yahitaji tu kwamba anayeandika katika faili aandike kitenzi kama kilivyosemwa, pamoja na viambishi vyake.

Suala la kasi, ambalo ndilo moyo wa fasili ya Lance, limeachwa na Ashworth bila kanuni. Guy Tardieu wa Ufaransa, katika miaka ya 1950, alikwisha kulishika: kiungo husogezwa kwanza polepole kadiri iwezekanavyo, kisha kwa kasi kadiri iwezekanavyo, na nyuzi za pembe hupimwa mara zote mbili. Pembe mbili zikitofautiana sana, msuli unakaza; zikikaribiana na zote zikawa fupi, msuli umefupika. Kwa tafsiri, hapa yafaa neno “kasi” litumike badala ya “nguvu”, kwa maana wanafunzi wakiambiwa “vuta kwa nguvu” huongeza nguvu pasipo kuongeza kasi, na wanapima kitu kingine.

Mashahidi wawili

Mwaka 1996 Priebe na wenzake, nchini Marekani, walilinganisha vipimo mbalimbali kwa watu walioumia ugwe wa mgongo na kuona kwamba vipimo hivyo havikubaliani vyema. Kila kimoja kilishika upande wake wa jambo lenye pande nyingi. Mwaka 1999 Sköld na wenzake, nchini Sweden, walionyesha jambo la kutia fikra zaidi: miongoni mwa watu waliosema kwamba misuli yao hukaza, mpimaji aliyevisogeza viungo aliweza kuliona hilo kwa asilimia 60 hivi tu. Wengine hawakuwa wakisema uongo. Misuli hukaza usiku, au wakati wa kuhama kutoka kitandani, au kibofu kinapojaa. Haikazi kwa kuwa daktari amefika saa nne asubuhi akiwa na fomu. Shahidi wa pili, yaani mgonjwa, hana mbadala.

Zipo njia za kuileta hali hiyo mbele ya macho ya mpimaji. Benz na wenzake walipendekeza mwaka 2005 kipimo chenye sehemu tatu: kifundo husukumwa juu kwa ghafla, na muda wa klonasi hupimwa kwa sekunde, unyayo huchomwa kidogo kwa pini, na nyuzi za kujikunja kwa mguu hukadiriwa, kisha nyonga na goti vilivyokunjwa hunyoshwa pamoja, na muda wa kukaza kwa msuli wa paja hupimwa. Chini ya sekunde 3 ni kidogo, kutoka 3 hadi 10 ni wastani, zaidi ya 10 ni kali. Kipimo hiki kina maneno machache na hivyo matatizo machache.

Shida huanza pale mgonjwa anapoulizwa. Kipimo cha Penn, cha mwaka 1989, kilitokana na majaribio ya kupitisha dawa ya baklofeni moja kwa moja katika maji yanayouzunguka ugwe. Huhesabu matukio: hakuna, yapo kwa kuchochewa tu, chini ya mara moja kwa saa, zaidi ya mara moja kwa saa, zaidi ya mara kumi kwa saa. Ni kipimo chepesi, na katika Kiingereza hakina utata. Katika Kiswahili mgonjwa akiulizwa mguu unaruka mara ngapi, atajibu “kila saa”, na msemaji yeyote wa lugha hii ajua kwamba “kila saa” si hesabu. Ni kusema kwamba jambo halikomi, au kwamba limechosha. Muuguzi mwangalifu aliyelitafsiri neno kwa neno ataandika daraja linalolingana na mara moja kwa saa; mwingine aliyeisikia lugha ataandika daraja la juu kabisa. “Mara kwa mara” nalo huenda kutoka “mara nyingi” hadi “mojamoja”, kwa kutegemea msemaji na sauti yake.

Desturi ya watafiti ni kuithibitisha tafsiri kwa kuirudisha katika lugha ya kwanza: mtu wa pili, asiyeiona fomu ya asili, huitafsiri ile ya Kiswahili kwa Kiingereza, na matini mbili hulinganishwa. Njia hii hunasa makosa ya wazi, lakini haioni kosa la namna ya “kila saa”, kwa sababu neno hilo hurudi Kiingereza likiwa safi kabisa. Vivyo hivyo “kidogo”. Katika fomu “kidogo” ni daraja la chini. Mdomoni mwa mzee mwenye adabu, “yanasumbua kidogo” ni heshima kwa anayeuliza, na huenda nyuma yake pana usiku mzima usio na usingizi. Mazungumzo yetu ya uchunguzi huanza kwa kujuliana hali, na aliyejibu “sijambo” au “namshukuru Mungu” dakika moja iliyopita hawezi kuyakana maneno yake kwa ghafla bila kuonekana mlalamishi. Mpimaji anayeruka salamu ili kuepuka jambo hili atakuwa amefanya kosa kubwa zaidi. Ila asilichukue jibu la kwanza kuwa ndilo la mwisho. Swali lililofungwa kwenye wakati unaojulikana hupunguza adabu na kuongeza hesabu: “Mzee, tangu walipokugeuza alfajiri hadi sasa, mguu umeruka mara ngapi?”

Kuna mahali pengine ambapo Kiswahili kimejaliwa. Watu wengi walioumia ugwe hawana hisia chini ya jeraha. Fomu iliyoandikwa kwa lugha ya kuhisi humwuliza mtu kama huyo swali ambalo jibu lake la kweli ni hapana, ingawa miguu yake hukaza mara kumi kwa siku: yeye huijua kwa kuona shuka ikiinuka, au kwa kuwa kiti kimetikisika. Katika Kiswahili mtu huona baridi, huona njaa, huona maumivu. Kitenzi kimoja huchukua jicho na ngozi pamoja. “Umeona miguu ikikaza?” ni swali ambalo aliye na hisia na asiye nazo hulijibu kwa usawa. Yule aliyeligeuza kuwa “umehisi”, kwa kudhani kwamba “kuona” si neno la kitaalamu, ameliharibu swali lililokuwa zuri.

Mwisho kuna thamani ya jambo lenyewe. Kwa muda mrefu madaktari walikuchukulia kukaza kwa misuli kuwa adui wa kuondolewa. Wagonjwa walijua zaidi ya hapo. Mguu unaokaza huweza kumbeba mtu anaposimama kwa nusu dakika ili ahamie kitini, huuhifadhi mnofu, na ukianza kukaza kuliko siku zote, aghalabu hutangaza kwamba pana maambukizo katika kibofu, au kidonda cha kulalia, au kucha iliyoingia nyamani, kwa mtu ambaye hana maumivu ya kumwonya. Baklofeni ikizidishwa hulegeza yote pamoja, na huleta usingizi na unyonge. Mtu aliyekuwa akihama peke yake aweza kujikuta akihitaji watu wawili wa kumwinua, na katika faili imeandikwa kwamba amepata nafuu, maana daraja la Ashworth limeshuka.

Kwa ajili hiyo Adams, Martin Ginis na Hicks walitunga mwaka 2007 dodoso la maswali 35, ambalo kila swali hujibiwa kutoka toa tatu, yaani kukaza kumesumbua kupita kiasi, hadi jumlisha tatu, yaani kumesaidia kupita kiasi, na sufuri katikati. Mwulizwaji hukumbuka siku saba zilizopita. Yafaa isemwe hivyo, si “wiki iliyopita”, ambayo kwa wengi ni ile iliyokwisha Jumamosi au Jumapili. Lakini ugumu halisi wa dodoso hili umo katika shina la swali, ambalo katika Kiingereza huulizia taathira ya kukaza katika shughuli fulani. Tafsiri ya kwanza ijayo kalamuni ni “kumeathiri vipi”. Kamusi zaweza kuliweka neno “athari” katikati, lakini matumizi yamekwisha kulipeleka upande mmoja: aliyeathirika amepatwa na baya, na nchini Kenya neno hilo limekuwa pia tafsida ya kumtaja mtu mwenye virusi vya UKIMWI. Swali linaloanza na kuathiri limekwisha kuufunga upande wa jumlisha kabla mgonjwa hajafungua kinywa, na nusu ya kipimo yapotea bila yeyote kujua. Shina lisilo na upande laweza kupatikana kwa kuitaja shughuli yenyewe na kuiweka milango yote mitatu wazi kwa pamoja: “Katika siku saba zilizopita, ulipokuwa ukihama kutoka kitandani hadi kitini, kukaza kwa misuli kulikusaidia, kulikusumbua, au hakukufanya lolote?” Kisha, kwa anayesema kulimsaidia au kulimsumbua, ndipo aulizwe kwa kiasi gani. Kuuliza kwa hatua mbili hurefusha mazungumzo, na wauguzi wana haki ya kulalamika, kwani wodi ina watu wengi na maswali ni 35.